Daftari la Matengenezo Lihojiwe Kama Shahidi

Walimu saba wa shule moja ya msingi walifika katika mojawapo ya vituo vyetu wakiwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Kwa miaka minne walikuwa wamechanga akiba katika chama chao cha kuweka na kukopa, hatimaye wakanunua basi dogo la dizeli la abiria 14, wakinuia kulitia katika kazi ya takisi ili mapato yake yawasaidie kulipa karo za watoto wao. Hapo awali gari hilo lilikuwa limekodishwa kwa mkataba wa miaka mitatu kwa kampuni iliyolitumia kuwasafirisha wafanyakazi wake, na muuzaji alilisifia kwa jambo moja kuliko yote: lilikuwa na daftari kamili la matengenezo. Mita ilionyesha kilomita 94,000. Katika wiki ya tatu baada ya kununuliwa, likiwa na abiria katika barabara ya Gulu wakati wa usiku, mkanda wa taimingi ulikatika. Injini ilizimika papo hapo, usukani ukawa mzito, na kabla dereva hajafaulu kulitoa lote barabarani, lori lililokuwa likija nyuma liliparuza ubavu wake. Abiria wawili waliumia. Hakuna aliyefariki.

Shauri hilo liko mbele ya mahakama, kwa hiyo hatutamtaja mtu wala gereji yoyote. Lakini yale tuliyojifunza tulipoifungua bahasha ile yanamhusu kila mwananchi anayeweka fedha kando ili siku moja anunue gari lililokwisha kutumiwa na wengine. Katika nchi yetu ya Uganda hao ndio walio wengi. Gari jipya kutoka kiwandani ni la wachache. Ndiyo maana katika toleo hili tumeacha kidogo habari za mwendo wa kasi na kofia za bodaboda, tukaligeukia daftari la matengenezo.

Mihuri kumi na minane

Daftari la walimu wale lilikuwa na mihuri 18, mmoja kwa kila kilomita 5,000. Kwa mnunuzi asiyezoea, hiyo ni sura ya gari lililotunzwa kama yai. Kwa mpelelezi, hiyo ndiyo iliyoleta shaka ya kwanza. Kilomita 5,000, kisha 10,000, kisha 15,000, hadi 90,000 bila kupotoka hata mara moja! Gari la kweli haliishi hivyo. Dereva hutumwa safari ya ghafla, fedha za ofisi huchelewa, fundi hufiwa akaenda kijijini. Matengenezo ya kilomita 10,000 hufanyika katika 10,430, yale ya 15,000 katika 14,870, na yale ya 20,000 yamkini yakasogezwa hadi 21,600. Kumbukumbu za kweli zina vinundu. Zilizonyooka mno aghalabu zimeandikwa siku moja, na mtu mmoja, akiwa ameketi mezani.

Tulitazama wino. Mihuri yote 18 ilikuwa na weusi uleule, na sahihi zote ziliandikwa kwa kalamu moja, ingawa zilidaiwa kuwa za miaka mitatu. Kurasa zilikuwa safi, hazina alama hata moja ya kidole chenye oili. Kisha tuliweka kalenda kando ya daftari. Muhuri mmoja ulikuwa wa tarehe 9 Oktoba, Sikukuu ya Uhuru. Mwingine uliangukia Jumapili. Tulipoitembelea gereji iliyotajwa, tulikuta kibao mlangoni kikisema kwamba siku hizo hufungwa. Msimamizi wake alitutolea majalada ya kazi. Nambari ya gari lile haikuwamo hata mara moja, na muhuri haukuwa wao.

Risiti nazo zilikuwa na simulizi yake. Zilikuwa nne, za vipuri, na tarehe zake zilipishana kwa miezi minane hadi tisa. Nambari zake za mfululizo zilikuwa 0412, 0413, 0414 na 0415. Duka gani la vipuri, liwe la Kisekka au la mji mdogo kabisa, hukaa miezi minane pasipo kumwandikia mteja mwingine risiti?

Yote hayo msomaji angeweza kuyaona mwenyewe kwa kalenda ya ukutani na nusu saa ya utulivu. Hayahitaji cheo wala maabara. Walimu wale hawakuyaona kwa sababu walilitazama daftari kama mtu atazamavyo cheti cha ndoa kilichotundikwa ukutani: lipo, lina mihuri, basi. Sisi katika kazi yetu hatumkubali shahidi kwa kuwa tu amekuja amevaa vizuri. Humwuliza alikuwa wapi, saa ngapi, na nani mwingine alimwona. Kisha tukamtafuta huyo mwingine. Daftari la matengenezo lihojiwe vivyo hivyo.

Shahidi wa pili katika mkasa huu alipatikana kwa simu mbili tu. Alikuwa dereva wa zamani wa gari lile, mtu mwungwana aliyestaafu, ambaye hakuna mnunuzi aliyewahi kumtafuta. Alitueleza kwamba kila wiki alikuwa akiwapeleka wafanyakazi Gulu na kuwarudisha Kampala mara mbili. Hebu tupige hesabu. Kampala hadi Gulu ni takribani kilomita 330. Kwenda na kurudi ni 660, mara mbili kwa wiki ni 1,320. Kwa wiki 50 za mwaka ni kilomita 66,000, na kwa miaka mitatu ni 198,000, bila kuhesabu mizunguko ya mjini. Mita ilisema 94,000. Zaidi ya kilomita laki moja zilikuwa zimefutwa.

Mita iliyorudishwa nyuma huvuruga nini

Wengi hudhani kwamba kurudisha mita nyuma ni wizi wa bei tu: umeuziwa gari la kilomita 200,000 kwa thamani ya gari la 94,000. Hasara hiyo ni kweli, lakini si kubwa kuliko zote. Mita ndiyo saa ya matengenezo. Mtengenezaji wa gari amepanga kila kitu kwa kilomita: oili ibadilishwe lini, oili ya gia lini, mkanda wa taimingi lini. Saa ikirudishwa nyuma, ratiba yote inakuwa uongo, na anayeufuata uongo huo ni dereva mwaminifu aliyenuia kutunza gari lake.

Mkanda wa taimingi ndio mfano ulio wazi zaidi. Kazi yake ni kuoanisha mwendo wa pistoni na ule wa vali. Si kila gari linao. Baadhi ya injini, mathalani ile ya 1NZ iliyomo katika magari mengi madogo ya Toyota, hutumia mnyororo. Lakini dizeli nyingi zinao, ikiwemo injini ya 1HZ ya Land Cruiser inayojulikana sana katika barabara zetu za vumbi. Kwa kadiri ya mtengenezaji na aina ya injini, mkanda huu hutakiwa kubadilishwa aghalabu kati ya kilomita 90,000 na 150,000. Haulalamiki kabla ya kukatika. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga vali, na injini iliyokuwa nzima asubuhi huwa chuma chakavu jioni. Gari hupoteza nguvu ya injini wakati huohuo, na kwa sababu msaada wa usukani na wa breki hutegemea injini inayozunguka, dereva huachwa na uzito wote mikononi na miguuni.

Katika dizeli nyingi za Toyota kuna taa ya dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Taa hiyo huwaka kilomita zilizopangwa zinapotimia. Haiutazami mkanda wenyewe. Husoma mita tu. Kwa hiyo mita ikirudishwa nyuma, taa nayo hukaa kimya. Kadhalika fundi anaweza kuizima pasipo kugusa mkanda. Walimu wale walisema taa haikuwaka kamwe. Walisema kweli.

Kwa hiyo neno la muuzaji kwamba mkanda umebadilishwa lisipokelewe peke yake. Itakiwe risiti ya mkanda pamoja na ya kazi ya fundi. Fundi makini huandika kwenye stika ndani ya boneti tarehe na kilomita za siku aliyoubadilisha. Risiti na stika zikipatana, na zikipatana pia na mita, hao ni mashahidi wawili. Zisipopatana, au zisipokuwepo, mnunuzi ahesabu kwamba mkanda haujabadilishwa, na gharama yake aipunguze katika bei.

Magari yaliyokuwa ya mkataba

Magari yaliyokodishwa kwa mkataba kwa kampuni, mashirika na miradi yana sifa mbili zinazopingana, na yafaa mnunuzi azijue zote. Upande mmoja, hayo ndiyo magari yenye kumbukumbu bora kuliko ya mtu binafsi. Mwenye gari na mkodishaji ni watu tofauti, na kila mmoja hujilinda kwa karatasi. Mara nyingi kuna daftari la safari ambamo dereva huandika kila siku kilomita za kuondoka na za kurudi, mahali alipokwenda na sahihi yake. Kama lipo, liombwe kabla ya kitu kingine chochote. Mihuri 18 hughushiwa kwa dakika kumi. Mistari mia saba ya safari, yenye mwandiko wa madereva watatu na madoa ya chai, ni kazi ambayo tapeli haifanyi.

Upande wa pili, gari la mkataba ni mtoto wa wote, na mtoto wa wote halali na mama. Dereva halipendi kama lake, na mkodishaji anajua siku ya kulirudisha. Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mwaka wa mwisho. Mkataba unapokaribia kwisha, aliyekuwa akigharimia matengenezo huona hana sababu ya kununua tairi mpya au shokapu mpya kwa ajili ya mtu atakayekuja. Kumbukumbu za mwaka wa kwanza huwa nene, za mwaka wa pili za wastani, na za mwaka wa tatu ni oili tu, kisha kimya. Kwa hiyo usianze kusoma daftari kwenye ukurasa wa kwanza, ambao kila muuzaji atakufungulia. Anza mwishoni. Uliza gari lilitengenezwa lini kwa mara ya mwisho kabla ya kurudishwa, na limetembea kiasi gani tangu hapo.

Vilevile mkataba wa miaka mitatu huisha kabla matengenezo makubwa hayajafika. Mkanda wa taimingi, oili ya gia na kuleanti ni vitu vya muda mrefu. Mkodishaji mwaminifu kabisa, aliyefuata ratiba bila kasoro, anaweza kulirudisha gari likiwa na kilomita 88,000 na asiwe amekosea chochote. Gharama zote kubwa zinamsubiri mnunuzi mlangoni. Hilo si udanganyifu, ni hesabu, na mnunuzi aifanye kabla ya kukubaliana bei.

Ulizeni pia mkataba ulimpa nani jukumu la matengenezo. Kama ni kampuni mwenye gari, jalada lote limo ofisini kwake, na dalali anayesema limepotea ashukiwe. Kama ni mkodishaji, basi huyo ndiye wa kupigiwa simu. Nambari ya simu itafuteni wenyewe. Msiipige ile iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari, maana tumewahi kuona nambari kama hiyo ikipokelewa na ndugu wa muuzaji aliyeketi mtaa wa pili.

Kuhusu magari ya serikali na ya miradi yanayouzwa kwa mnada, neno ni moja. Mengi yake hayakuharibiwa na mwendo bali na kusimama. Mradi ulikwisha, gari likaegeshwa chini ya mwembe mwaka mmoja na nusu likisubiri idhini ya kuuzwa. Kilomita ni chache na kumbukumbu ni za kweli, ila mipira imekauka, tairi zimepasuka ubavuni, na mafuta ya breki yamenyonya unyevu. Tarehe ya mwisho katika daftari la safari itakuambia lilisimama lini. Tena gari la doria au la wagonjwa huunguruma saa nyingi likiwa limesimama, na saa hizo hazionekani katika kilomita. Tunalisema hili kwa ujuzi wa magari yetu wenyewe.

Kwa yanayotoka Japani

Magari mengi katika bondi za Kampala yametoka Japani, nayo yana mashahidi yaliyosafiri nayo. Huko gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na kilomita zake huandikwa. Cheti cha kulifuta gari katika usajili wa Japani ili lisafirishwe nje kwa kawaida hubeba kilomita zilizosomwa katika ukaguzi. Ombeni cheti chenyewe pamoja na tafsiri yake. Gari lililosomwa kilomita 121,000 huko haliwezi kuwa na 68,000 hapa.

Karatasi ya mnada wa Japani nayo huonyesha daraja la gari na mchoro wa mwili wake. Daraja la R au RA humaanisha kwamba gari lilipata ajali likatengenezwa. Karatasi hizi hughushiwa pia, kwa hiyo mnunuzi apewe jina la mnada, tarehe na nambari ya gari katika mnada huo, ili aweze kuhakikisha mwenyewe.

Kisha fungueni mlango wa dereva na boneti, mtafute stika ndogo za mafundi wa Kijapani. Mara nyingi zinataja tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za wafalme wao: mwaka wa kwanza wa Heisei ulikuwa 1989, na wa kwanza wa Reiwa ulikuwa 2019. Kwa hiyo stika iliyoandikwa 22 katika mwaka wake yaweza kuwa Heisei 22, yaani 2010, wala si 2022. Tumekutana na mnunuzi aliyefurahia stika kama hiyo akidhani gari lilihudumiwa juzijuzi. Kwa hesabu nyepesi, ongezeni 1988 juu ya mwaka wa Heisei, na 2018 juu ya mwaka wa Reiwa.

Ikumbukwe kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Usalama Barabarani, gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa nchini. Marekebisho hayo yamefanya mwaka wa kutengenezwa kuwa kitu chenye thamani ya kughushiwa. Linganisheni mwaka wa kwenye karatasi na ule ulioandikwa kwenye lebo za mikanda ya usalama, ambayo ni vigumu mtu kukumbuka kuibadilisha.

Gari lenyewe nalo linasema

Karatasi zote zikipatana, bado gari halijahojiwa. Fikeni asubuhi, pasipo kutangaza saa, na mguse boneti kabla ya salamu kuwa nyingi. Likiwa la moto, muuzaji ameliwasha mapema ili kuficha tabia yake likiwa baridi. Subirini lipoe, hata kama ni kwa saa mbili. Muuzaji atawapa kiti. Moshi wa samawati linapowashwa ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huashiria maji ya kupoza yanayoingia ndani ya injini.

Fungueni kifuniko cha oili mtazame upande wake wa ndani. Utando mweusi mzito kama lami haupatani na daftari linalosema oili hubadilishwa kila kilomita 5,000. Fungueni rejeta, injini ikiwa baridi tu: maji ya rangi ya kutu ni ushahidi kwamba kwa muda mrefu gari limenyweshwa maji ya bomba badala ya kuleanti. Kanyagio za breki na klachi zilizolika hadi chuma hazipatani na kilomita 60,000, wala kanyagio mpya kabisa katika gari la zamani hazipaswi kumfurahisha mtu. Mtu amezibadilisha kwa sababu. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodai kilomita 30,000 tu tangu mwaka 2019 lingeweza kuwa bado na tairi zake za kwanza. Likiwa na tairi za seti ya tatu, ulizeni.

Tunataka kukaa kidogo kwenye mafuta ya breki, kwa kuwa hakuna anayeyauliza. Hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu kwa kiwango cha kipimo, kikomo hicho hushuka hadi nyuzi 140. Mjini Kampala katika foleni dereva hataona tofauti. Lakini akishuka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, au katika miteremko ya Kabale na Kisoro, mguu ukiwa juu ya breki kona baada ya kona, mafuta hayo huchemka, mvuke huingia katika mabomba, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila kushika kitu. Dereva aliyenusurika hutuambia, "Afande, breki zilikuwa nzima asubuhi." Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila miaka miwili. Katika madaftari yote tuliyoyapitia kwa ajili ya somo hili, tulilikuta neno hilo limeandikwa katika mawili tu.

Mpelekeni fundi wenu, asiwe wa muuzaji, na mumlipe kwa siku yake hata kama gari halitanunuliwa. Baadhi ya kompyuta ndani ya gari hutunza kumbukumbu ya kilomita mbali na ile ya dashibodi, na fundi mwenye mashine ya kuzisoma anaweza kuwaonyesha kama zinatofautiana.

Maandishi kabla ya fedha

Hapa ndipo sisi polisi tunapoweza kusaidia au kushindwa. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, lakini udanganyifu huthibitishwa. Mnunuzi akija kutuambia muuzaji alisema mdomoni kwamba gari lina kilomita 94,000, na muuzaji akakana, tunabaki na neno dhidi ya neno, na tutamwelekeza kwa wakili kwa kuwa limekuwa dai la madai. Katika mkasa wa walimu, mkataba ulisema gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Kilichowaokoa ni kwamba mwalimu wa hesabu aliyekuwa miongoni mwao alikataa kutia sahihi mpaka iongezwe sentensi moja kwa kalamu: kwamba kilomita ni 94,000 na daftari lililoambatishwa ni la kweli. Muuzaji alitia sahihi chini yake bila kufikiri sana. Sentensi hiyo ndiyo iliyolifungua jalada la jinai.

Kwa hiyo, mkataba utaje kilomita, nambari ya chasisi na ya injini zilizosomwa kwenye chuma chenyewe na si kwenye karatasi, orodha ya kumbukumbu zilizokabidhiwa, na tamko la muuzaji kuhusu ajali zilizopita. Nakala ya kila ukurasa wa daftari ipigwe picha kwa simu mbele yake. Risiti za kielektroniki za EFRIS, kwa wafanyabiashara wanaozitoa, zihakikiwe kwa Mamlaka ya Mapato. Ni ngumu kughushi kuliko za kitabu. Jina lililomo katika kitabu cha usajili liwe la anayeuza au la aliyempa mamlaka kwa maandishi, na gari lichunguzwe kama halimo katika orodha ya yaliyoibwa na kama halidaiwi faini za barabarani. Fedha zipitie benki. Anayesisitiza kupokea taslimu katika maegesho jioni ya Ijumaa anataka Jumamosi na Jumapili ziwe upande wake.

Walimu wale wamepata injini ya mtumba kwa mkopo mwingine, na basi lao limerudi barabarani. Mkanda mpya wa taimingi, oili zote, kuleanti na mafuta ya breki vilibadilishwa siku moja kabla halijabeba abiria hata mmoja, kwa kuwa historia yake haikuweza tena kuaminiwa. Ndani ya kisanduku cha dashibodi kuna daftari jipya la mazoezi, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Tulipolikagua mara ya mwisho lilikuwa na mistari sita. Matengenezo ya kilomita 5,000 yalifanyika katika kilomita 5,212, na pembeni mwalimu wa hesabu ameandika kwa wino mwekundu: yamechelewa.